Motokaa Moja Mpaka Kilembe

Vijana kadhaa wa shule waliosikia habari za safari yetu ya Kilembe wameniuliza tuliwezaje kufika mbali vile kwa mifuko yetu hii. Jibu ni fupi: tulichangia motokaa moja. Lakini kwanza sharti nieleze kwa nini watu wa Mbale na Jinja walitaka kwenda kutazama machimbo ya zamani ya shaba, huko chini ya milima ya Rwenzori.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa tanuru la shaba la Jinja. Machimbo ya Kilembe yalianza kazi mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese. Mawe yalivunjwa na kusagwa huko huko Kilembe, yakachujwa kwa maji na dawa hata ukabaki unga wenye shaba nyingi. Unga huo ndio uliopakiwa katika mabehewa mpaka Jinja. Mbona mbali hivyo? Kwa sababu ya umeme. Bwawa la Owen Falls lilikuwa limefunguliwa mwaka 1954, na tanuru kama lile hula umeme mwingi sana. Unga uliyeyushwa, kisha ukapulizwa hewa ili chuma na kiberiti vitengwe na shaba. Shaba ilipomiminwa na kupoa, gesi iliyokuwa ikitoka ndani yake iliiachia vivimbe juu, kama malengelenge ya mtu aliyeungua. Baada ya hapo ilipanda treni tena kwenda Mombasa na ng'ambo.

Baba aliifanya kazi hiyo mpaka ilipokwisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, asijaone hata siku moja mahali unga ule ulikotoka. Alikuwa akituhadithia habari za tanuru kwa Kiswahili, maana huko Walukuba tulikaa na majirani wa makabila mengi. Mwaka jana alianza kusema, "Nitakufa sijaiona Kilembe."

Sasa, siku hizi treni ya Kasese hakuna. Mabasi yapo, lakini mzee mwenye magoti mabovu kumshusha na kumpandisha katika msongamano wa Kampala si kazi ndogo. Rafiki yangu mmoja wa Mbale, tuliyesoma naye, ana motokaa. Wenzetu wawili wa Jinja nao walitaka kwenda. Tukawa watano.

Hesabu ndiyo iliyotaka kutugombanisha. Mmoja alisema petroli yote igawanywe kwa watu watano, basi. Nikamwuliza: wewe utakayepandia Jinja, utalipaje njia ya Mbale? Mwishowe tulipatana hivi. Motokaa ile hula lita 1 kwa kilometa 10. Kutoka Mbale mpaka Jinja kwa njia ya Tirinyi ni kama kilometa 150. Kwenda na kurudi ni lita 30, nazo tulilipa mimi na mwenye motokaa, 15 kila mmoja. Kutoka Jinja mpaka Kilembe kupitia Fort Portal ni kama kilometa 470; kwenda na kurudi lita 94. Hapo mwenye motokaa hakulipa kitu, kwa kuwa matairi na breki ni zake, na sisi wanne tukalipa lita 23 na nusu kila mtu. Baba alikataa katakata kulipiwa.

Fedha zikusanywe kabla ya kuondoka, na mmoja azishike na kuandika. Tena msiokote abiria wa kulipa njiani ili kupunguza gharama. Kuchangia petroli ni jambo moja. Kubeba watu kwa nauli ni biashara inayotaka leseni, na ajali ikitokea bima yaweza kukataa kulipa.

Tulilala Kasese. Kilembe iko kilometa zipatazo 10 tu kutoka hapo, katika bonde jembamba la mto Nyamwamba. Mto huo ulifurika mwaka 2013, na tena mwaka 2020, ukaharibu hospitali ya machimbo na nyumba nyingi. Mawe makubwa uliyoyasukuma yamelala kando yake hata leo. Nyumba za wafanyakazi bado zimepanga safu mlimani. Asiingie mtu katika mahandaki bila ruhusa na mwenyeji wa kumwongoza. Sisi tulitosheka na nje.

Baba aliomba jiwe. Mlinzi alicheka, akamwokotea moja lenye madoa ya kijani, ambayo ni kutu ya shaba. Mzee aliligeuzageuza mkononi kwa muda mrefu.

"Kumbe!" akasema. "Sisi walituletea unga tu. Sikujua kama jiwe lenyewe lina uzito huu."

Alilipakata njia nzima mpaka Jinja.