Dhamiri ya Mtu na Mkono wa Serikali: Kweli au Si Kweli?

Kuna maneno kuhusu serikali na dhamiri ya mtu yaliyozoeleka mno barazani, kwenye daladala na hata mezani nyumbani, kiasi kwamba hakuna anayeyahoji tena. Mazoea hayo yana hatari. Mwananchi anayeyaamini hujifunga kamba mwenyewe kabla hajaja wa kumfunga. Tuyapime basi moja baada ya jingine, kwa katiba zetu, hukumu za mahakama na historia ya Kenya na Tanzania.

1. "Haki zako umepewa na serikali."

SI KWELI. Ibara ya 19 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inatamka wazi kwamba haki ni za kila mtu na hazitolewi na dola. Katiba ya Tanzania ya 1977, katika Ibara ya 12, inaanzia kwenye kuzaliwa: binadamu wote huzaliwa huru na sawa. Ibara ya 8 inaongeza kuwa serikali hupata mamlaka yake kutoka kwa wananchi.

Hati ya Haki iliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, na kesi zake zikaanza kupokelewa mahakamani mwaka 1988. Mtanzania wa kabla ya hapo hakuwa kiumbe asiye na haki. Alichokosa ni mlango wa kugonga haki hizo zilipovunjwa. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu anayejiona amekupa kitu hujiona pia ana ruhusa ya kukunyang'anya.

2. "Uhuru wa dhamiri ni mambo ya dini tu."

SI KWELI. Ibara ya 32 ya Kenya inataja dhamiri, dini, fikra, imani na maoni kwa pamoja. Dhamiri inafanya kazi hata kwenye kituo cha kupigia kura, na Wakenya waliokuwa watu wazima mwaka 1988 wanalijua hilo vizuri.

Mwaka huo, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa, kura ya siri iliwekwa kando ukaletwa mlolongo. Wapiga kura walijipanga mchana kweupe nyuma ya wagombea, au nyuma ya mawakala waliobeba picha zao. Chifu anakuona. Mwajiri anakuona. Anayekudai anakuona. Mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa, hata kura ya siri asiifikie. Wengi walilalamika kwamba waliokuwa na foleni fupi ndio waliotangazwa washindi.

Viongozi wa dini, wakiwemo maaskofu wa Anglikana Henry Okullu na Alexander Muge, waliupinga utaratibu huo hadharani. Mchungaji angewezaje kusimama nyuma ya mgombea mmoja mbele ya waumini wake wote, kisha Jumapili awaunganishe? Lakini hoja yao ilimgusa hata asiyekanyaga kanisani. Mtu akilazimishwa kuonyesha chaguo lake mbele ya mwenye nguvu, chaguo hilo si lake tena. Mwaka 1990 KANU ikakubali kuuacha mlolongo.

3. "Asiyeimba wimbo wa taifa si mzalendo, na anastahili kuadhibiwa."

SI KWELI. Nchini Tanzania wanafunzi zaidi ya 100, Mashahidi wa Yehova, waliadhibiwa shuleni kwa kutoimba wimbo wa taifa. Baadhi walifukuzwa, wengine wakasimamishwa masomo. Walieleza kwamba imani yao haiwaruhusu kuimba. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 2013 majaji wakawapa haki: adhabu ile ilivunja uhuru wao wa dini.

Mimi naupenda wimbo wetu, na ndiyo maana naona hukumu ile iliupa heshima. Upendo wa nchi hauingizwi moyoni kwa barua ya kufukuzwa shule. Malawi ya Rais Kamuzu Banda ilijaribu njia ya mabavu. Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku mwaka 1967. Kwa kuwa walikataa kununua kadi za chama tawala, walipigwa, nyumba zao zikachomwa, na mwaka 1972 maelfu wakakimbilia nchi jirani. Chama hakikupata mzalendo hata mmoja kwa njia hiyo. Kilipata wakimbizi.

4. "Dhamiri ikishasema, sheria haina neno."

SI KWELI, na hapa wapenda uhuru tunapaswa kuwa wakweli zaidi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa ili kukutana na Mungu. Miongoni mwao walikuwa watoto. Mtoto hakuchagua imani ile wala njaa ile.

Dhamiri yangu inanipa haki ya kuamini, kusema na kukataa kushiriki. Hainipi mamlaka juu ya mwili wa mwingine. Pale ndipo serikali inapotakiwa kuingia, tena mapema. Kuuliza kilichokuwa kikiendelea Shakahola kusingekuwa kuingilia imani ya mtu. Kulinda uhai ni kazi ya kwanza kabisa ya serikali, na ilichelewa kuifanya.

5. "Bunge likishapitisha, ni halali."

SI KWELI. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nao waliotunga sheria wamo ndani ya meno hayo. Ibara ya 64 ya Katiba ya Tanzania inabatilisha sheria yoyote inayopingana na Katiba, na Ibara ya 2 ya Kenya inasema vivyo hivyo.

Mwaka 1994, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu ya Tanzania aliamua kwamba kuwataka watu waombe kibali ili wakusanyike kwa amani kulikiuka Katiba. Sheria ikabadilishwa: kutoa taarifa kwa polisi badala ya kuomba kibali. Hata hivyo, mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa tena kwa tamko la kisiasa, na zuio likaondolewa Januari 2023. Hukumu nzuri hulala kabatini kama hakuna wa kuidai.

6. "Serikali yenye mipaka ni serikali dhaifu."

SI KWELI. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya uchaguzi wa urais. Rais aliyekuwa madarakani aliukosoa uamuzi ule kwa ukali, lakini akautii, na uchaguzi ukarudiwa Oktoba. Dola haikuanguka. Linganisha na miaka ya 1980, watu walipoteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House jijini Nairobi. Serikali iliyohitaji giza lile ili itiiwe ilikuwa imejaa hofu. Serikali inayotii mahakama mbele ya macho ya nchi nzima haina haja ya kumtisha mtu.

7. "Kusimamia dhamiri kuna gharama."

KWELI, na asikudanganye mtu. Mwishoni mwa Februari 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kugoma kula katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, pamoja na mwanaharakati Wangari Maathai. Walitaka wana wao waachiliwe. Siku chache baadaye polisi wakaja na virungu na gesi ya machozi. Wangari alipigwa hadi akapoteza fahamu. Baadhi ya mama wakavua nguo mbele ya askari walio rika la watoto wao, laana ambayo kila askari aliyelelewa na mama aliielewa. Walihamia kanisa kuu la All Saints na kukaa huko karibu mwaka mzima, hadi karibu wafungwa wote wakaachiliwa.

Wengi wetu hatutaombwa kulipa kiasi kile. Lakini kila mmoja wetu anaweza kuiuliza amri inayomgusa maswali matatu ambayo Ibara ya 24 ya Kenya inayahitaji: imetokana na sheria ipi, ina sababu gani ya haki, na je, hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo hilo? Kuyauliza kwa adabu si uasi. Ofisa mwenye majibu hatapungukiwa na heshima. Asiye nayo amekwisha kuvuka mpaka wake, na ni wajibu wetu kumwambia hivyo.