KUBEBA PIKIPIKI KWA PIKAPU



Pikipiki mbovu hupelekwa kwa fundi juu ya pikapu. Isipofungwa vizuri huanguka, na anayeumia ni yule aliyekaa kando yake. Fuateni hatua hizi:

1. Zimeni injini, fungeni koki ya petroli, ngojeni bomba la moshi lipoe.

2. Pandisheni kwa ubao mnene na mrefu. Mmoja ashike usukani, wawili wasukume nyuma.

3. Gurudumu la mbele liguse ukuta wa mbele wa bodi. Pikipiki isimame wima. Ikilazwa, petroli na tindikali ya betri huweza kumwagika.

4. Fungeni kamba nne za manila, kila moja kwenye pembe yake. Vuteni za mbele hadi shokomzoba zibonyee nusu, kamba zisilegee kwenye mashimo. Kamba za mpira hazifai, huvutika.

5. Ingizeni gia ya kwanza. Msitegemee stendi.

6. Baada ya kilomita chache, simameni mkague kamba.

Mtu yeyote asipande nyuma kuishikilia. Hata pikipiki ndogo huweza kuzidi kilo 100. Ikianguka, mikono haiizuii.

Aliyesoma amsomee na mwenzake.