Namba Tasa: Hesabu ya Miaka ya Kwihara

Kwihara, mwendo mfupi kutoka mji wa Tabora, lipo tembe ambalo wanafunzi huonyeshwa kuwa ndipo alipokaa Livingstone. Stanley alimkuta Ujiji mwaka wa 1871. Mwaka wa 1872 walifika Kwihara pamoja, na Livingstone akabaki hapo hata mwezi wa Agosti, akingoja wapagazi kutoka pwani. Mwaka wa 1873 akafariki. Miaka hiyo mitatu hukaririwa kama tarehe tu. Sisi leo twaitazama kama hesabu.

Tuseme msafara una mizigo 1872, nayo yatakiwa kugawanywa mafungu yaliyo sawa. Jambo jepesi! Mafungu 2, 3, 4, 6, 8, 9, 12, 13, na mengine mengi. Njia zote ni 30. Lakini ondoa mzigo mmoja, ibaki 1871, au ongeza mmoja, iwe 1873: hapo hapana njia ila fungu moja tu, ama kila mzigo peke yake. Namba za namna hiyo huitwa namba tasa.

Twajuaje? Wanafunzi wengi hujaribu mara tatu, wakachoka, wakasema haigawanyiki. Kuchoka si uthibitisho. Kama 1871 ingegawanyika, ingekuwa zao la namba mbili. Zote mbili haziwezi kuwa kubwa kuliko 43, maana 44 mara 44 ni 1936, imekwisha kupita. Basi moja yao haina budi kuwa 43 au chini yake. Na ya nini kujaribu 4 au 6, hali 2 imekwisha kushindwa? Zajaribiwa namba tasa pekee, kuanzia 2 hata 43, nazo ni 14 tu. Kwa 17 hubaki 1. Kwa 43 hubaki 22. Hakuna hata moja isiyoacha baki. Majaribio hayo 14 yatosha kwa 1873 pia.

Namba ikiwa kubwa sana, kazi huwa nyingine. Andika 2 mara 31, uzizidishe zote pamoja, kisha uondoe 1: utapata 2147483647. Kwa njia yetu ingepasa kujaribu namba tasa zote hata 46340, nazo ni maelfu. Euler, mwanahesabu wa Uswisi, alijua kwamba namba tasa yo yote iwezayo kuigawanya hiyo, ikigawanywa kwa 62, lazima iache baki 1. Kwa ujanja huo alizitupa nyingi bila kuzijaribu, na mwaka wa 1772, miaka mia kabla ya makao yale ya Kwihara, akatangaza kuwa ni tasa. Mwaka wa 2024 Luke Durant wa Marekani, kwa msaada wa kompyuta nyingi, alipata namba tasa yenye tarakimu 41,024,320. Wala huo si mwisho, kwani Euclid alikwisha thibitisha zamani kuwa namba tasa hazina mwisho.

Walimu na wawape wanafunzi 2027 na 2029. Majaribio ni yale yale 14.