Kasa Haamshwi kwa Moto

Kila mwaka kuanzia Novemba, kwenye barabara za Cape Cod katika jimbo la Massachusetts, Marekani, hupita magari yenye abiria wa ajabu: kasa wachanga waliolazwa juu ya taulo ndani ya maboksi ya ndizi. Nje upepo unakata masikio. Dereva amejifunga skafu na kuvaa glavu, na bado anatetemeka, maana hita ya gari ameizima kwa makusudi. Ndivyo alivyofundishwa. Kasa aliyemwokota ufukweni amepoa hadi hawezi kuinua kichwa, na joto la ghafla linaweza kummaliza upesi kuliko baridi iliyomwangusha.

Agizo hilo linapingana na huruma ya kawaida. Tukimwona mwanambuzi aliyenyeshewa usiku kucha, mkono unakwenda wenyewe kwenye gunia kavu na moto wa jikoni, na kwa mwanambuzi hatukosei. Kwa kasa tunakosea, kwa sababu mwili wake na joto vina mkataba mwingine.

Binadamu, ndege na mbuzi hujitengenezea joto kutokana na chakula. Kasa ni reptilia; joto la mwili wake hupanda na kushuka pamoja na maji anayoogelea. Kasa aitwaye noa ndiye wa pekee miongoni mwao, kwa kuwa ukubwa wake na mafuta yake humwezesha kuhifadhi joto hata katika bahari ya baridi sana. Waliobaki, maji yakishuka chini ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi, hulegea. Mapezi hayasukumi tena, kuzamia kunashindikana, na mnyama huelea juu ya maji akisubiri upepo umpeleke unakotaka. Hiyo ndiyo ganzi ya baridi. Kasa aliyefikia hapo anaweza kufa kwa nimonia, kugongwa na boti, au kutupwa ufukweni ambako upepo humpoza zaidi.

Kwa nini hali hii hutokea sana Cape Cod? Jibu liko kwenye ramani. Nchi imekaa kama mkono uliokunjwa: bega liko bara, kiwiko kimetokeza Atlantiki, na ngumi imeelekea kaskazini. Ndani ya mkunjo huo ndimo ilimo ghuba. Wakati wa kiangazi maji yake huwa vuguvugu na kaa ni tele, hivyo kasa wachanga wa miaka miwili hadi minne huingia kula. Vuli ikifika, silika huwaambia waelekee kusini. Lakini kusini mwa ghuba ni mchanga mtupu. Mlango wa kutokea uko kaskazini, upande wenye maji baridi zaidi, na kasa haendi kutafuta joto kwenye baridi. Huzunguka mle ndani hadi maji yanapomnasa.

Mabadiliko ya tabianchi yameupanua mtego huo kwa namna isiyotarajiwa. Ghuba ya Maine, ambayo Ghuba ya Cape Cod ni sehemu yake, ni miongoni mwa maeneo ya bahari yanayopata joto kwa kasi kubwa duniani. Joto hilo huwavuta kasa wengi zaidi kuja kaskazini na kuwachelewesha kuondoka, lakini majira ya baridi bado yanakuja palepale. Hifadhi ya Wellfleet Bay, inayoendeshwa na shirika la Mass Audubon, imekuwa ikifuatilia matukio haya tangu mwaka 1979. Mwaka 2014 pekee waliokotwa kasa zaidi ya 1,200, na siku hizi kuokota mamia kwa msimu ni jambo la kawaida.

Wengi wao ni kasa wa Kemp, aliyepewa jina la Richard Kemp, mvuvi wa Key West, Florida. Ni ndugu wa karibu wa kigome, ambaye wavuvi wa pwani yetu wanamfahamu. Kasa huyu hutaga karibu mahali pamoja tu duniani, kwenye fukwe za magharibi mwa Ghuba ya Meksiko, hasa Rancho Nuevo katika jimbo la Tamaulipas. Filamu iliyopigwa huko mwaka 1947 ilionyesha majike wengi mno wakipanda kutaga kwa wakati mmoja. Wanasayansi walioichunguza baadaye walikadiria kuwa walikuwa kama 40,000. Kufikia mwaka 1985, viota vya msimu mzima vilikuwa 702. Mayai yalikuwa yamechukuliwa kwa miaka mingi, na nyavu za kukokota za meli za kuvua kamba zilikuwa zimewazamisha wakubwa.

Turudi kwenye boksi la ndizi. Kasa aliyekaa siku nyingi katika maji baridi hupumua kwa nadra, na moyo wake unaweza kushuka hadi pigo moja kwa dakika. Kaboni dayoksaidi hubaki mwilini, damu huwa na asidi, na potasiamu, ambayo ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, inaweza kupanda. Maji mwilini yamepungua, na kwa muda mrefu hajala kitu. Mwili wenye hali hiyo umeokoka kwa kuwa mahitaji yake ni madogo. Ukiupasha joto kwa saa mbili, misuli na viungo vya ndani vitaamka na kudai oksijeni papo hapo, ilhali moyo na mapafu bado havina nguvu ya kuipeleka. Hapo ndipo mnyama aliyestahimili wiki za baridi hufia mikononi mwa anayemwokoa.

Ndiyo maana kila hatua ya uokoaji imepangwa kwenda taratibu. Watu wanaojitolea hupita ufukweni baada ya maji kujaa, mchana na usiku, hasa upepo unapovuma kwa nguvu kuelekea nchi kavu. Mpita njia anayemkuta kasa huombwa afanye mambo manne: amsogeze juu ya mstari ambao maji hufika, amfunike kwa mwani mkavu ili upepo usimpige, aweke alama ya mti au boya lililotupwa, kisha apige simu. Asimrudishe baharini, na asimpeleke nyumbani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 ya kulinda viumbe walio hatarini hairuhusu mtu asiye na kibali kumsafirisha.

Kwenye kituo cha Wellfleet Bay, kasa hulazwa kwenye chumba cha nyuzi 13 hivi, yaani baridi ya kumfanya mhudumu abaki na koti. Kutoka hapo hupelekwa hospitali ya kasa ya New England Aquarium iliyoko Quincy. Madaktari humpima joto, humchukua damu, humpiga eksirei na kuusikiliza moyo kwa vifaa vya mawimbi ya sauti, maana jicho pekee halitoshi kumtenganisha aliye hai na maiti. Hurejeshewa maji mwilini na kupewa viuavijasumu. Joto huongezwa kwa nyuzi tatu hivi kwa siku, na huchukua siku nne au tano kufikia 24. Wapo walioonekana wamekufa kabisa, kisha siku ya pili pezi likacheza. Kwa hiyo wauguzi wa kasa wana kanuni moja: asitangazwe kufa akiwa bado wa baridi.

Si kila baridi hutibiwa hivyo. Februari 2021 dhoruba ya theluji iliikumba Texas, na maji ya kina kifupi ya Laguna Madre yakapoa kwa siku chache tu. Kasa zaidi ya 12,000, wengi wao wa kijani, walipigwa ganzi. Umeme ulikatika sehemu kubwa ya jimbo. Kwenye kisiwa cha South Padre wakazi waliwaleta kwa boti na kwa magari ya mizigo hadi ukumbi wa mikutano ukajaa kasa waliopangwa sakafuni, maelfu kwa wakati mmoja. Kwa kuwa baridi ilikuwa ya ghafla na fupi, wengi walionusurika hawakuwa na ugonjwa uliozama. Walikaa pakavu, wakapata joto polepole, na maji yalipotengemaa wakarudishwa baharini baada ya siku kadhaa. Wa Cape Cod hupoa kwa majuma, na kupona kwao hufuata kasi hiyohiyo.

Siku tano za kupasha joto kwao ni mwanzo tu. Nimonia huweza kukaa miezi, na maambukizi ya mifupa wakati mwingine hujitokeza wiki nyingi baadaye, kasa akiwa tayari anakula vizuri. Hospitali moja haiwatoshi wote, hivyo walio na nafuu hurushwa kwa ndege ndogo za marubani wanaojitolea hadi vituo vya majimbo mengine. Kabla ya kuachiwa huwekewa chipu chini ya ngozi, na wachache hufungwa kifaa cha setilaiti. Wengine huingia majini Florida au Georgia ambako bahari ina joto. Wengine husubiri kiangazi cha Massachusetts kwenyewe.

Je, gharama yote hii kwa kasa wa kilo mbili au tatu ina maana? Wakosoaji wana hoja. Kilichomwinua kasa wa Kemp kutoka viota 702 hadi karibu 20,000 mwaka 2009 ni ulinzi wa fukwe za kutagia na vifaa vya kumtoa kasa kwenye nyavu za kamba, si hospitali. Lakini kasa huyu huchukua miaka 10 au zaidi kupevuka, na vifaranga walio wengi huliwa mapema. Aliyefikisha miaka mitatu ameshapita chujio kali zaidi la maisha yake. Kumpoteza huyo ni hasara ambayo kiota kimoja hakiilipi, tena mwaka uliofuata ule wa 2009 viota vilishuka ghafla, jambo lililoonyesha kwamba idadi hiyo bado haijatia mizizi.

Bahari yetu ya Hindi, kutoka Lamu hadi Mtwara, haipoi kiasi cha kumtia kasa ganzi. Wagonjwa wanaopokelewa kwenye kituo cha Local Ocean Conservation huko Watamu, Kenya, wana visa vingine: plastiki tumboni, ndoana, majeraha ya nyavu. Hata hivyo, kuna hali moja ambayo mvuvi wa hapa anakutana nayo na inayohitaji subira ileile. Kasa aliyenaswa kwenye jarife na kukosa hewa hutolewa akiwa amelegea, hapumui kwa macho ya mtu, na huonekana wa kutupwa.

Asitupwe, kwa sababu akirudi majini katika hali hiyo atazama na kufa kweli. Mwongozo wa wataalamu ni kumlaza kifudifudi, kuinua upande wake wa nyuma kwa sentimita 15 au zaidi ili maji yatoke mapafuni, kumweka kivulini chini ya kitambaa kilicholowa, na kumsubiri kwa saa 4 hadi 24. Akianza kuvuta pumzi na kusukuma mapezi, hurudishwa baharini taratibu, injini ikiwa imezimwa na nyavu zikiwa mbali. Dawa hii haihitaji hospitali wala ndege. Inahitaji pembe moja ya ngalawa, na nahodha asiyeharakisha kusema amekufa.