Kilo 20 za Changamwe hugeuka 200 kabla ya kufika mjini Nairobi

Tangu Januari 2024, nauli ya treni ya Madaraka Express kutoka Mombasa hadi Nairobi ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Kwa reli ya kilomita zipatazo 472, daraja la kawaida ni kama shilingi 3 kwa kilomita. Kinachomlemea mtu mzima, basi, si nauli. Ni begi lake.

Tuhesabu. Akitoka Changamwe, Mombasa, analipakia kwenye tuktuk. Stesheni ya Miritini analishusha na kulipanga mstarini ili mbwa wa ukaguzi walinuse, kisha analiokota. Analipandisha kwenye mashine ya ukaguzi, analitoa. Analiingiza behewani, analitia rafuni juu ya kichwa, na mwisho wa safari analiteremsha. Anashuka nalo stesheni ya Syokimau, halafu analipakia tena kwenye gari la kwenda mjini Nairobi. Hizo ni mara 10. Begi la kilo 20 limemchosha mikono kwa kilo 200. La kilo 7, kwa kilo 70. Kwenda na kurudi ni 400 dhidi ya 140.

Daraja la kwanza halipunguzi hesabu hiyo. Shilingi 3,000 za ziada hununua nafasi: viti vinne kwa safu badala ya vitano. Begi bado utaliinua mwenyewe.

Uzito hujificha wapi? Maji lita 2 ni kilo 2 kamili. Beba nusu lita. Nazi 10 zilizofuliwa, kwa makisio ya nusu kilo kila moja, ni kilo 5. Hizo na zawadi nyingine nzito zitangulie kwa basi kama kifurushi. Jozi moja ya leso ni shuka, taulo na mto. Sweta ya baridi ya Nairobi, hasa Julai, vaa au ishike mkononi. Dawa, miwani na kitambulisho vikae kwenye mkoba mdogo wa begani, visipande rafuni.

Jaribio ni la bure: usiku wa kuamkia safari, inua begi lililojaa hadi juu ya kichwa, mara 2 mfululizo. Ukishindwa, toa vitu mpaka uweze.