Mchezo Ulionunuliwa Ni Mali ya Nani?

Wakati wa likizo wako vijana wa Kamembe, na wa vilima vyetu vya Nyakarenzo pia, wapendao kukaa mbele ya kompyuta wakiendesha magari ya mbio yasiyotumia petroli wala kutimua vumbi. Wazee wengine husema kwamba huo ni upuuzi mtupu. Hatutaki kubishana nao hapa. Nia yetu ni kueleza jambo moja tu la michezo hiyo, ambalo lagusa mifuko yetu, nalo ni jinsi mchezo ulionunuliwa kwa fedha halali uwezavyo kumpotea mwenyewe.

Kwanza yafaa tukiri uzuri wake. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, hayakufanyika mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Lakini mwaka huo huo ulitoka mchezo uitwao WRC 9, wenye njia za Kenya ndani yake. Basi mtu aliyekaa kwake Japani au Ufaransa aliweza kuendesha gari katika vumbi la Kenya bila kutoka mlangoni. Mchezo wa namna hii huzoeza macho na mikono, tena huwajulisha watu wa mbali nchi zetu.

Sasa tuitazame kasoro yenyewe. Zamani mchezo wa kompyuta ulikuwa kama kitabu. Ukiisha kuununua uliweza kuufungua siku yo yote, hata kama aliyeutengeneza amekwisha kufunga duka. Siku hizi michezo mingi ya mbio imeundwa kwa njia nyingine. Kila uuwashapo, huomba ruhusa kwa intaneti kutoka kompyuta kuu ya kampuni, iitwayo seva. Huko ndiko yalikotunzwa magari uliyoshinda na fedha za mchezo ulizozipata. Seva isipojibu, mchezo haufunguki, au hufunguka nusu tu, hata ukitaka kucheza peke yako.

Makampuni yana sababu zao. Husema kwamba seva huzuia wizi na udanganyifu, na huwawezesha watu wa nchi mbalimbali kushindana pamoja. Hayo ni kweli. Lakini yako mambo mawili ya kutazamwa.

La kwanza lilionekana Machi 2022, katika mchezo wa Gran Turismo 7. Seva zake zilizimwa ili zitengenezwe, zikakaa zaidi ya saa 30, na sehemu kubwa ya mchezo ikawa haichezeki, hata kwa mtu aliye peke yake. Wakati huo huo zawadi za mbio kadhaa zilipunguzwa, na magari ya thamani yakawa magumu kupatikana ila kwa jasho jingi au kwa kulipa fedha za kweli. Wapenzi wa mchezo walikasirika, wakaupa alama za chini kabisa mahali pa kuutolea maoni. Haukupita muda mrefu mkuu wa watengenezaji, Kazunori Yamauchi, akaomba radhi, akawapa wachezaji fedha za mchezo 1,000,000 kila mmoja, na kuahidi kuongeza zawadi.

La pili ni zito zaidi. Mchezo wa The Crew wa kampuni ya Ubisoft ulitoka Desemba 2014, nao ulikuwa na ramani ya Marekani nzima iliyofupishwa. Tarehe 31 Machi 2024 seva zake zilifungwa kabisa. Walioununua hawakuweza tena kuendesha hata gari moja. Ndipo Mmarekani mmoja, Ross Scott, alipoanzisha harakati ya kudai kwamba michezo iliyouzwa isiuawe hivyo. Kufika Julai 2025 watu zaidi ya milioni 1 wa nchi za Ulaya walikuwa wametia sahihi zao. Mafundi wengine kati ya wapenzi wa mchezo waliunda seva yao wenyewe, mchezo ukafufuka. Ubisoft nayo iliahidi kwamba The Crew 2 utachezeka bila intaneti, na mwaka 2025 ikatimiza. Huko California sheria imeanza kazi mwaka 2025, inayomlazimu muuzaji aseme wazi kama anakuuzia kitu chenyewe au ruhusa tu ya kukitumia.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Kijana wa Rusizi hununua intaneti kwa kipimo, na umeme hukatika. Mchezo unaodai seva humtoza mara mbili, siku ya kuununua na kila siku ya kuucheza. Tuufikirie ubao wa igisoro. Aliyeuchonga aweza kufa, lakini ubao hubaki, na wajukuu huendelea kupanda kete zao bila kumwomba mtu ruhusa.

Basi, wenzangu, na ninyi ndugu mliotutangulia ambao sasa mna mishahara na mwawanunulia wadogo zenu zawadi, kabla ya kutoa fedha ulizeni neno hili: je, mchezo huu huchezeka intaneti ikizimwa? Kuuliza si ujinga. Tena mkiwa na malalamiko, msiige wale mashabiki wanaowatukana mafundi na kuwatishia, maana matusi hayajafungua seva hata moja. Waliotia sahihi kwa utaratibu, na waliokaa kimya wakaunda seva yao, hao ndio waliofanikiwa.