London ya ndani ni ipi? Jibu lategemea umemuuliza nani

Muulize manamba wa matatu mahali ‘tao’ inapoanzia, naye atakuambia ni pale abiria wa mwisho anaposhuka. Jijini London, Uingereza, swali kama hilo lina majibu matatu, yote ya serikali, na yanatofautiana.

Jibu la kwanza ni la sheria. Mnamo 1889 iliundwa Kaunti ya London. Mipaka yake ilibaki pale pale huku nyumba zikizidi kujengwa nje yake, hata jiji likawa kama mtoto aliyezidi shati lake. Ndipo Sheria ya Serikali ya London ya 1963, iliyoanza kutumika Aprili 1965, ikaunganisha wilaya 32 pamoja na City, kitovu cha kale cha biashara. Wilaya 12 zilizorithi eneo la kaunti ile zikaitwa London ya ndani, nazo 20 zikawa za nje.

Majina hayo hayakuwa pambo. Shule za ndani ziliwekwa chini ya mamlaka moja ya elimu, iliyovunjwa 1990, ilhali kila wilaya ya nje ilijiendeshea shule zake.

Newham iliachwa mlangoni. Ilitokana hasa na East Ham na West Ham, miji iliyokuwa upande wa Essex. Ingawa ilikuwa na gati za meli, viwanda na nyumba zilizobanana sawa na jirani yake Tower Hamlets, sheria iliiita ya nje. Wakenya wameiona Newham kwenye televisheni, pengine bila kujua: uwanja ambamo David Rudisha alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mnamo Agosti 2012, kwa dakika 1:40.91, uko huko Stratford.

Watu wa takwimu za taifa wana ramani yao. Wao huhesabu Newham na Haringey kuwa ndani, kisha wakaitoa Greenwich. Naam, Greenwich ile ile ya mstari unaogawa dunia mashariki na magharibi! Kisheria imo, kitakwimu haimo. Mwanafunzi anayelinganisha idadi ya watu au umaskini wa London ya ndani na auangalie kwanza ukurasa wa ramani.

Jibu la tatu huingia mfukoni. Kwa sababu ya gharama za maisha, viwango rasmi vya mishahara ya walimu ni vya juu zaidi London ya ndani. Lakini ramani ya mishahara ni pana: Newham, Haringey na Greenwich zote zimo, pamoja na Brent, Merton, Ealing na hata Barking and Dagenham, ambako mkazi wa Westminster angekuita shamba.

Hounslow, inayopakana na Ealing, haimo. Mwalimu mkuu wa huko anayetafuta mwalimu wa hesabu hushindana na jirani mwenye mfuko mnono, na mahali pengine mpaka wenyewe ni barabara ya kawaida tu.